Mwanya wa Unene wa Ukucha

Mimi kukaa siwezi. Mama anasema nikiwa tumboni nilimpiga mateke kutoka Moshi mpaka Dar, na tangu hapo sijatulia. Kwa hiyo kazi niliyojichagulia ni kichekesho kitupu: kazi ya kukaa mbele ya kompyuta na kusubiri. Unaipa hesabu, inakokotoa saa tano, saa saba, na wewe unatazama kamstari kanavyopanda na kushuka. Mtu mtulivu angeweza. Mimi nilikuwa nikishabonyeza kitufe cha kuanza nashuka ngazi, natoka, nazunguka Kariakoo nzima kama mtu aliyepotelewa na pochi.

Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya mbao juu ya duka la mama. Mama anauza pampu, mabomba na viungo vya mabomba kwa jumla. Nilikuwa nimebanana na maboksi, feni moja, meza moja, na chini yangu kelele kutwa: wachukuzi wanagombea njia, wateja wanavuta bei, jenereta la jirani likiwaka umeme ukikatika. Niliacha kazi ya kuajiriwa maeneo ya Posta, ofisi yenye kiyoyozi na zulia, nikaja kukaa pale. Watu wa ukoo walisema nimerogwa.

Kilichoniingiza kwenye mambo haya ni kitu kidogo tu, kinachokaa chini kabisa ya bomba la kunyonyea maji kisimani. Mafundi bomba wanakiita vali ya chini. Kazi yake ni moja: maji yakivutwa, ifunguke, pampu ikizimwa, ijifunge, maji yasirudi kisimani. Isipojifunga, bomba linabaki tupu, na pampu ikiwashwa tena inazunguka kavu mpaka inaungua. Za kutoka nje zilizokuwa dukani kwetu zilikuwa na springi ndani, na visima vya mjini hapa vina mchanga, vina vipande vya nailoni, vina kila takataka. Mchanga ukiingia kwenye springi, kwisha habari yake. Wateja walikuwa wanazirudisha wanagomba, mama naye anagomba, na mimi juu nasikia kila neno. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikachungulia kwenye ngazi nikasema, "Mama, mimi nitatengeneza isiyo na springi."

Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Tengeneza basi, tuone hiyo shule ilisaidia nini."

Wazo langu lilikuwa rahisi. Badala ya springi, ulimi wa mpira mzito uliokatwa kwenye tairi chakavu. Maji yakipanda yanauinua, yakitaka kurudi yanaukandamiza kwenye kiti chake cha shaba, mlango umefungwa. Mchanga ukipita, upite tu. Lakini ulimi wa mpira ndani ya maji hautulii, na hapo ndipo kompyuta inapoingia. Maji yanausukuma ulimi, ulimi unapinda. Ukipinda, njia ya maji inabadilika. Njia ikibadilika, maji nayo yanausukuma kwa namna nyingine, unapinda tena. Ni kama majirani wawili wanaogombana kwenye foleni ya maji: huwezi kuandika maneno ya mmoja mpaka mwisho halafu ndiyo umsikilize wa pili. Lazima uwaandike wote kwa pamoja, neno kwa neno, huyu kasema hivi, yule kajibu vile.

Ili kompyuta iweze, nafasi yote ya maji unaikata vijumba vidogo vidogo, kama wavu. Ulimi ukisogea, wavu unavutika upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Balaa linakuja ulimi ukikaribia kukaa kwenye kiti. Vijumba vilivyo katikati vinabanwa, vinabanwa, mpaka vinakosa unene kabisa, na kompyuta haijui kuhesabu kijumba kisicho na unene. Inasimama. Inaandika maandishi mekundu. Saa saba zako zimepotea bure, na wewe huna wa kumpiga.

Dawa yake inajulikana na kila anayefanya kazi hii. Unaacha mwanya. Unakishusha kiti kidogo tu, unene wa ukucha, ili ulimi ukifika mwisho usikiguse. Vijumba vinapata pa kupumulia na hesabu inaisha salama. Kwenye hesabu maji kidogo yanapenya hapo, lakini wewe unajua kichwani kwamba kwenye vali yenyewe patakuwa pamefungwa. Mwalimu wetu chuoni alikuwa akisema kwenye kompyuta hakuna mlango unaofungwa, kuna unaokaribia kufungwa tu, na kazi ya mhandisi ni kukumbuka tofauti. Tulikuwa tunamcheka, maana alikuwa anarudia kila wiki.

Nilihangaika na ulimi ule karibu mwezi. Mara unapepesuka, mara unajikunja, mara maandishi mekundu. Siku hesabu ilipopita mpaka mwisho, ulimi ukafunguka na kurudi vizuri bila kutetemeka, nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimeangukiwa na maboksi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita nilikuwa Posta, kwa kijana mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Ile haraka yangu ndiyo iliyoniponza. Nilimpa faili lilelile la hesabu. Kiti kilikuwa bado kimeshushwa, na mimi sikukumbuka kukirudisha juu.

Basi nikatoka na vali ya plastiki ya njano mkononi, nyepesi, inapendeza, nikaenda nayo moja kwa moja Gerezani, mtaa wa mafundi chuma, kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa mzee wa Masasi, mkerezaji, na meza yake ilikuwa pale kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa na mashine ya kukereza vyuma aliyokodi, kipimo cha chuma alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na mdomo usiokosa neno. Mama alimwamini kuliko benki. Pampu ikija na kiungo kilichovunjika ambacho hakipo mjini kote, jibu la mama lilikuwa, "Mpelekeeni mzee."

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, injinia. Leo umeniletea pipi?"

"Ni sampuli, fundi. Nataka sita kama hii, za shaba, na ulimi wa mpira."

Gerezani kazi yote ni sampuli. Michoro hawana haja nayo. Ukifungua karatasi wanakutazama kama unawasomea risala. Unaleta kitu, unarudishiwa kitu kama hicho. Na kuna maneno ya kuulizana kabla kazi haijapokelewa, kila meza wanayasema, na yakishasemwa hakuna wa kubadili kitu. Fundi aliigeuza ile plastiki mara mbili tatu, akanitazama.

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Nisiongeze, nisipunguze?"

"Usiongeze, usipunguze."

Maneno hayo wanayaheshimu kuliko risiti. Aliwahi kunisimulia kuhusu mteja aliyeleta gurudumu la meno lenye jino moja lililovunjika, akasema usiongeze usipunguze, akapewa magurudumu manne, kila moja na pengo lake. Mteja akalalamika, meza zote zikamgeukia: si ndiyo ulivyoleta? Fundi wa pale akijitia kurekebisha sampuli ya mtu, kesho anaambiwa ameharibu. Kwa hiyo anaiga. Anaiga kila kitu, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Akanikerezea sita. Siku ya kuzichukua zilikuwa zimepangwa kwenye gazeti, zinang'aa, na ile sampuli ya njano juu yake, maana desturi ni kuirudisha pamoja na kazi. Akaniuliza, "Tuzitie kwenye ndoo ya maji kwanza tuone?"

Nikamjibu, na jibu hili linaniuma mpaka leo, "Kompyuta imeshazijaribu, fundi." Nikazitia kwenye mfuko, nikaondoka karibu nikikimbia. Sampuli nikaitupa kwenye droo yangu.

Mama, ambaye hajawahi kunisifu hata nilipofaulu mtihani wa kidato cha sita, alizisifu zile vali kwa kila aliyeingia. "Hii amepiga hesabu binti yangu, injinia, kwa kompyuta." Ya kwanza ilikwenda na msimamizi wa ghorofa moja Upanga. Nami nikajiona nimefika.

Hazikupita siku nne. Msimamizi alirudi kwa bajaji na pampu iliyoungua miguuni, harufu yake ikaingia dukani kabla yake. Maji yalikuwa yanarudi kisimani, pampu ikawashwa kavu, ikateketea, na ghorofa nzima haina maji tangu jana. Alisema hayo kwa sauti ambayo hata wa mtaa wa pili alisikia. Ilikuwa asubuhi ya biashara, duka limejaa. Mama akaiangalia vali, akaiinua kwenye taa, uso wake ukabadilika. Akamtuma mtu Gerezani kumwita fundi.

Fundi alikuja na aproni yake. Mama hakungoja hata salamu zimalizike. Aliishika vali mbele ya taa, ulimi umelala kwenye kiti chake, na katikati ya ulimi na kiti mwanga unapita, mwembamba, umezunguka pande zote.

"Fundi, hiki nini?"

Fundi akainama, akatazama. "Mwanga, mama."

"Mwanga umepita, maji yatashindwa?"

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mzee, macho hayo kapumzike." Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi, naona vyote.

Nilingoja ajitetee. Angesema tu, leteni sampuli. Haki yake hiyo, na Gerezani hakuna fundi ambaye angekubali kuondoka bila kuisema. Lakini mzee hakusema. Alipitisha kidole kwenye kiti cha shaba, polepole, akazunguka nacho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitakuwa nimekosea kipimo. Siku hizi nikitazama namba zinacheza. Nilikuwa naogopa siku hii." Akaomba radhi kwa mama, akaomba radhi kwa msimamizi, akazitia zile tano zilizobaki kwenye aproni yake. Msimamizi alipewa pampu nyingine na vali ya springi, akaondoka amenuna.

Nikapanda juu. Nikafungua faili. Kiti kilikuwa kimeshushwa, palepale nilipokishusha. Nikatoa sampuli kwenye droo, nikaingiza ukucha kati ya ulimi na kiti, ukaingia wote. Fundi alikuwa ameiga mwanya wangu mara sita bila kukosea hata mara moja. Mzee mwenye macho mabovu hawezi kufanya hivyo! Nilijua hapohapo, siku ileile, kabla chai ya mama haijapoa. Na sikusema.

Sitajipamba. Niliogopa. Mama alishamtangazia kila mtu kuwa vali imepigwa hesabu na binti yake, na mimi nilishaacha kazi, ndugu wananingoja nianguke waseme si tulisema. Nikajidanganya kwa njia ya kisomi: kwanza nitaifanya kompyuta ifunge mlango kabisa, bila mwanya, nikishapata jibu lililokamilika ndiyo nitakwenda kwa fundi na kumweleza vizuri. Kama vile alikuwa anahitaji maelezo ya kompyuta.

Nikaanza. Kufunga kabisa ndani ya hesabu ni kazi ya watu na mashine kubwa kuliko yangu. Unalazimika kuvifuta vijumba na kuvijenga upya ulimi ukigusa, na ulimi unagusa upande mmoja kabla ya mwingine, unadunda. Maandishi mekundu. Nabadilisha, naanza tena, nashuka, natembea. Nilikwenda Feri nikapanga foleni ya samaki wa kukaanga, zamu yangu ilipokaribia nikaondoka. Nilikwenda Posta nikasimama mbele ya ofisi yangu ya zamani, mlinzi akaniuliza ninamtafuta nani. Nilipita Upanga mbele ya ile ghorofa na kusikiliza kama pampu inalia. Narudi, naangalia, maandishi mekundu. Mama akaniuliza, "Una nini wewe, mbona kama kuku anayetaka kutaga?" Nikamwambia joto.

Siku ya sita au ya saba nilikutana nao Mtaa wa Msimbazi. Kwanza nilimwona mama mmoja mfupi, mchangamfu, khanga mpya kabisa, kichwani beseni limejaa sahani na vikombe bado vimefungwa karatasi, anaongea na kila anayempisha. Mkono wa kushoto ameshika beseni, wa kulia amemshika mtu. Ndipo nikaona ni fundi, na huyo ni mkewe. Fundi alikuwa anatembea anatazama chini, hatua fupi fupi, kama sakafu ina maji. Mtu aliyekuwa anavuka barabara ile huku anapiga soga!

"Shikamooni."

"Marahaba mwanangu," mkewe akaitika. Fundi hakuinua hata uso. Alisema, "Sauti ya injinia hiyo," kama vile macho alishayastaafisha.

"Mzee wako siku hizi anashikwa mkono kama bwana harusi," mkewe akasema, akacheka kicheko cha kutoka moyoni. Nikafikiri, lo, mwanamke jasiri, anacheka ili asilie. Nikasema ninawahi mahali. Nilikuwa siwahi popote.

Siku ya kumi na moja fundi akaja dukani kuaga. Mkewe alimfikisha mlangoni, akamkalisha kwenye kiti, akasema atarudi kumchukua akimaliza kufunga mizigo. Walikuwa wanarudi Masasi moja kwa moja, basi ni Jumamosi. Mashine amemwachia jirani yake wa meza, vyombo vya kazi amewagawia wenzake. Mama yangu siku hiyo hasira zilishamtoka, alimwagizia chai na mandazi, akaniita nishuke nimuage mzee.

Nikashuka. Nikamwamkia. Fundi akautafuta mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Injinia, mimi nimekuharibia kazi yako. Ulikuja na kitu kizuri, nikakitia aibu. Nisamehe, mwanangu, nisiondoke na kinyongo chako."

Na mimi nilijibu nini? Nilisema, "Yamepita, fundi." Nilimsamehe! Mungu wangu, nilisimama pale nikamsamehe mtu kwa kosa langu mwenyewe, na yeye akashukuru.

Nikapanda ngazi. Kompyuta ilikuwa na maandishi yake mekundu. Juu ya meza ilikuwapo ile vali iliyorudi kutoka Upanga. Sijui ni nini kilichonituma. Kwenye kona kulikuwa na tyubu chakavu ya baiskeli tuliyokuwa tunafungia maboksi. Nikakata pete, nikailaza juu ya kiti cha shaba, nikarudisha ulimi. Nikaishika vali juu ya ndoo, nikaimiminia maji kwa juu. Nikangoja. Hakuna tone. Nikaitikisa, hakuna tone. Siku kumi na moja za hesabu, na dawa ilikuwa mkasi na tyubu, dakika tano. Nikashikwa na hasira ambayo sijui hata niieleze vipi. Nikachukua sampuli ya njano nikashuka nayo.

Fundi alikuwa anachovya andazi. Nikampa ile plastiki mkononi.

"Fundi, si macho yako. Ni mimi."

Akaweka kikombe chini. Akaipapasa, akaufungua ulimi, akaufunga. Kisha akaingiza ukucha wa kidole gumba palepale nilipoingiza wangu, akauzungusha mzunguko mzima. Nikamweleza kwa maneno machache: kwenye kompyuta niliacha mwanya ili hesabu ipite, nikasahau kuuziba, nikamletea yeye mwanya huo nikamwambia asiongeze asipunguze.

"Umejua lini?"

"Siku ileile."

"Siku ileile," alirudia. Akahesabu kwa vidole, kwa utulivu, kama anayepima chuma. "Siku kumi na moja. Siku kumi na moja nashikwa mkono kuvuka barabara, na wewe unaniamkia shikamoo."

Mama alikuwa amesimama. "We mtoto!" alisema. Halafu akamgeukia fundi. "Fundi, mimi ndiye niliyekushikia taa mbele za watu..."

"Wewe mama tutaongea," fundi akasema, akainuka. "Huyu kwanza."

Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu za mkerezaji, akatoka nami nje. Hakungoja mtu wa kumvusha. Aliingia barabarani huku ananivuta mimi, pikipiki zinapiga honi, bajaji inafunga breki, yeye anatazama mbele tu. Tulifika Gerezani natweta. Akanisimamisha kwenye meza ya kwanza, akawaambia waliokuwapo wazime mashine.

"Sema."

Nikasema. Nikasema kwamba sampuli ilikuwa na mwanya, kwamba mzee aliiga sawasawa, kwamba nilijua nikanyamaza. Akanivuta meza ya pili. "Sema." Meza ya tatu, "Sema, na usiongeze, usipunguze." Mafundi walipokezana ile plastiki, wakaingiza kucha zao, wakaguna. Mmoja aliniambia, "Dada, una roho ngumu," na hakuwa ananisifu. Tulipofika kwa jirani yake, yule aliyeachiwa mashine, sikuhitaji kumaliza. Alivua aproni, akafuta mashine kwa kitambaa, akasogea pembeni. Fundi akaiwasha, akaisikiliza inavyozunguka, akaizima. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta. Mimi nililia pia, lakini pia nilijihisi mwepesi, sitadanganya. Nilifikiri, basi, imekwisha, nimelipa.

"Bado mmoja," akasema.

Tukaenda mpaka nyumbani kwake, chumba cha uani, mitaa minne kutoka pale. Alikuwa anatembea mbele yangu, mabega juu, anawasalimia watu kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kumebaki kitanda tu. Vitu vyote vilikuwa vimefungwa: godoro dogo kwa kamba, masufuria ndani ya gunia, zile sahani na vikombe vipya kwenye boksi lililojazwa nguo ili visigongane, na majembe mawili mapya yenye lebo bado. Mkewe alikuwa amepiga magoti juu ya furushi la khanga, anakaza fundo kwa meno, na alikuwa anaimba.

Alipomwona mumewe anaingia bila kushikwa mkono, akaacha kuimba.

"Sema," fundi akaniambia, uso umemng'aa.

Nikasema mara ya mwisho. Nilisema vizuri kuliko pote, maana nilishazoea. Mkewe alinisikiliza mpaka nikamaliza. Fundi akadakia, "Umesikia, mama watoto? Macho yangu mazima! Kesho naingia kazini. Hatuendi tena." Akatoka uani kuwatangazia wapangaji, tukamsikia anacheka.

Mkewe alibaki amepiga magoti, mikono juu ya furushi. Alitazama boksi la vyombo, akatazama majembe. "Mwaka wa thelathini na mbili huu," alisema, "namwomba mwanamume huyu anirudishe kwetu. Kila mwaka ana kazi ya mtu. Mama yangu amekufa ananingoja, dada yangu amekufa ananingoja." Hakuwa na hasira. Alikuwa anazungumza nami taratibu, kama anavyoelekezwa mgeni njia. "Nimeshamwambia ndugu yangu aezeke nyumba. Leo ni Alhamisi. Ungenyamaza mpaka Jumamosi tu, mwanangu."

Nilipiga magoti, nikashika lile fundo nimsaidie. Akaniondoa mikono.

"Acha," alisema. "Nimefunga mwenyewe, nitafungua mwenyewe."